Shati la Mfalme Lisilofuliwa

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, najua. Mlango wa chumba cha kufulia unapigwa mateke, bawaba zinang'oka, na mimi nimesimama mikono imezama kwenye beseni la wanga mpaka viwikoni. Kuna mama mmoja alinidaka sokoni akaniambia, "We mzee Povu, umeniacha roho juu wiki nzima, hivi huna huruma?" Nisamehe, mama. Siku ile hata mimi sikuonewa huruma, kama utakavyosikia sasa hivi.

Kwa anayeanza leo nitasema harakaharaka.

Mimi nilikuwa dobi wa ikulu. Povu ni jina la utani. Wengine wanadhani nilipewa kwa ajili ya sabuni, mke wangu anasema ni kwa ajili ya mdomo. Mfalme wetu alikufa kwa homa, na shati alilofia, Malkia alimvua kwa mikono yake mwenyewe. Akalikumbatia, akasema halitagusa maji.

Ingekuwa nyumba nyingine mngesema ah, mwacheni mjane na uchungu wake. Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Msiba wa mfalme unaisha siku nguo yake ya mwisho itakapofuliwa humo humo ikulu, ikakauka, ikakunjwa. Msiba ukiwepo, mjane anakaa kwenye kiti cha enzi na hakuna wa kumgusa. Msiba ukiisha, kiti kinakwenda kwa mdogo wa marehemu, na mjane anarithiwa pamoja na kiti, apende asipende.

Huyo mdogo wa marehemu sisi watumishi tulimwita Shemeji, kwa sababu ndivyo Malkia alivyomwita na ndivyo alivyochukia kuitwa. Nguo nyingine zote za Mfalme nilikuwa nimeshazifua. Likabaki shati moja. Shati moja tu, jamani, kati ya yule mama na kitanda cha yule mtu.

Tena mnakumbuka tulivyozoeana mimi na Malkia. Alikuja siku moja kuhakikisha sijalichukua shati lake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kulia. Nina shuka zito mkononi, maji yananimwagikia miguuni. Nikamwambia, "Mama, kulia lia, lakini shika upande wa pili wa shuka hili tukamue." Kwa maneno hayo watu walishakatwa vichwa. Yeye akashika. Akalisokota mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na alipoliachia akashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa majini. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa akarudi.

Basi ikawa kila asubuhi Malkia upande ule wa shuka, mimi upande huu. Akinisimulia mumewe alivyokoroma, alivyojificha kuvuta tumbaku kama mtoto wa shule. Nami namtania. Siku moja akacheka, wapishi wakasikia, na maneno yakaanza.

Upande ule wa shuka, kabla ya hapo, ulikuwa wa mke wangu. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Wanaume sisi!

Sasa jana ya siku ile ya mlango, watu wa Shemeji walikuwa wamepekua chumba cha Malkia, wamepasua hadi godoro. Akanijia mbio, shati kalificha chini ya mtandio. "Lifiche, Povu. Usimwambie mtu. Hata mkeo." Nikaapa. Nikalisokomeza chini kabisa ya tenga la nguo za jikoni, zile aproni zenye mafuta, maana hizo hufuliwa mwisho kabisa na hakuna anayependa kuzigusa. Nikajiona mjanja kweli.

Haya, turudi mlangoni.

Mlango ukaangukia ndani. Akaingia Kipara kwanza, mlinzi wa Shemeji, jitu lenye shingo nene kuliko paja langu. Nyuma yake Shemeji mwenyewe, kanyoa, kavaa, ananukia. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Watu wa namna hiyo waogopeni.

"Bwana dobi," akasema, "habari za kazi?"

"Kazi ipo, mheshimiwa. Mlango ndio haupo."

Kipara akanitandika ngumi ya mdomo. Jino likang'oka, likaangukia kwenye wanga, nikaliona linavyozama.

Mke wangu alikuwa kwenye mlango wa chumba cha ndani, kule kwenye jiwe la kufulia na matenga ya nguo chafu. Akapiga ukelele. Shemeji akamgeukia kwa upole kabisa.

"Dada yangu, rudi kazini. Watu wa huku wamezoea kusikia mnapiga nguo kwenye jiwe. Nataka wasikie na leo, tena kwa nguvu. Ukinyamaza tu, huyu anachinjwa. Tumeelewana?"

Mke wangu akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, nenda. Akaingia, mlango ukafungwa nyuma yake.

Haukupita muda nikasikia: pa! Pa! Pa!

"Vizuri," akasema Shemeji. "Shati liko wapi?"

"Shati gani, mheshimiwa? Humu mashati tele. Nitajie kola."

Kipara akanibamiza kwenye meza ya pasi, akaushika mkono wangu wa kushoto, akaulaza juu ya kitambaa kama kwamba unataka kunyooshwa. Kisha akaichukua pasi ya mkaa, akaifungua, akapuliza makaa. Alikuwa anapuliza vibaya, majivu yote yanamrudia usoni.

"Taratibu, bwana," nikamwambia, "utaunguza kope."

Mdomo huu ndio utakaoniua, mke wangu alisema tangu tunaoana.

Kipara akaishusha pasi.

Sitawaeleza harufu. Niseme tu kwamba nilipiga kelele mpaka sauti ikakata, halafu ikaendelea kimoyomoyo. Nilijikojolea. Kipara alikuwa amenishikilia kiunoni kama tunacheza dansi.

Kule ndani: pa! Pa! Pa! Nguvu zaidi. Nilijua analia. Mke wangu akilia hupiga nguo kwa hasira.

"Shati liko wapi?"

"Sijui."

"Kidole."

Kipara akanivunja kidole kidogo. Kilitoa mlio wa kijiti kikavu. Akanivunja na cha pili bila kuambiwa, kwa kunogewa.

Shemeji akavuta ndoo, ile ile ya Malkia, akaketi mbele yangu. "Nieleze jambo moja, Povu. Huyu mwanamke amekulisha nini? Unadhani anakuja hapa kwa ajili yako? Wewe ni kamba tu ya kuanikia machozi yake. Siku akipona, atapita hapa na hatakujua jina."

"Huenda," nikasema, damu inanitoka mdomoni. "Lakini angalau yeye amekamua shuka. Wewe na mikono laini hiyo, hata kinyozi wako anakuonea aibu."

Kipara akacheka. Ndiyo, kicheko kilimponyoka! Shemeji akamtazama tu. Kicheko kikakatika, na kwa aibu yake Kipara akanipiga ubavuni na goti mpaka nikasikia kitu kimeachia humo ndani.

Najua wasomaji wengi mtaniuliza, kwa nini hukusema? Shati tu! Ungesema ukaenda zako. Wengine mnanikonyeza kabisa, mnadhani kulikuwa na mapenzi. Hakukuwa na mapenzi ya namna hiyo, naapa mbele ya mke wangu ambaye anasoma gazeti hili kabla yenu. Ila nilikuwa nimemwona mtu mzima, mwenye nchi nzima, anashika pindo la shuka na kulia kama binti aliyepotezana na mamaye. Mtu ukishamwona hivyo, humuuzi. Basi. Sina maelezo mengine.

Shemeji akajikung'uta suruali, bado kaketi juu ya ndoo.

"Kipara, tia makaa mapya. Kamlete mkewe. Tutaanza na uso."

Hapo nilikwisha.

Kuungua mimi, sawa, nilijikaza kisabuni. Lakini mke wangu! Nilikuwa nimeapa kwa Malkia, na kiapo chenyewe nilikiona kinanitoka kama mate. Niwaambie ukweli, nilifungua mdomo. "Subiri," nikasema. "Subiri, mheshimiwa. Tenga la..."

Bunduki ikalia.

Kipara alikuwa ameshika kitasa cha chumba cha ndani. Sikio na nusu ya shavu vikaruka, vikanata ukutani. Akasimama vile vile, akajipapasa upande ule kama anatafuta kofia, halafu akaanguka juu ya meza, pasi ikapinduka, makaa yakammwagikia kifuani. Shati lake likaanza kuwaka. Hakujikuna wala hakutikisika.

Pale mlango ulipokuwa, alisimama Malkia. Kichwa wazi, nguo nyeusi, bunduki ya kuwindia ya marehemu mumewe mkononi, moshi unatoka kwenye mdomo wa mtutu. Alikuwa amekuja kukamua shuka kama kawaida. Kelele zangu alizisikia tangu kwenye ngazi, akarudi akaing'oa bunduki ukutani.

"Shemeji," akasema, "toka kwenye ndoo yangu."

Bunduki ile ilikuwa ya risasi moja moja. Shemeji alilijua hilo kuliko mimi, maana aliwinda nayo. Hakumpa nafasi ya kutia nyingine. Alimrukia, akaupiga mtutu pembeni, akamzaba kofi lililompeleka hadi kwenye mapipa. Kisha akamkamata mtandio shingoni na kuanza kuuzungusha kwenye ngumi yake.

"Umenichosha," alikuwa anasema, polepole, bila kupaza sauti. "Umenichosha, umenichosha. Shati la maiti! Nchi nzima inasubiri shati la maiti!"

Macho ya Malkia yakatoka. Miguu yake ikawa inapiga sakafu, kiatu kimoja kikaruka. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau, na ulimi nauona.

Mkono wa kushoto sikuwa nao tena. Nikainuka na wa kulia. Pipa la kuchemshia mashuka lilikuwa motoni linatokota tangu alfajiri, na kata yake imening'inia ukingoni. Nikachota, kata tele, maji na magadi, nikammwagia Shemeji uso mzima.

Lo! Mtu yule ambaye hakuwahi kupaza sauti!

Alilia kama nguruwe. Akauachia mtandio, akajishika uso, na ngozi ikabaki mkononi mwake. Akayumba, akakanyaga sabuni, akaanguka chali. Malkia akatambaa kwa magoti, anakohoa, anatafuta hewa, mkono unapapasa sakafu mpaka ukaigusa bunduki. Hakutafuta risasi. Aliishika kwa mtutu, akainuka, akamshushia kitako.

"Kitandani kwako?" Pa! "Mimi?" Pa! "Nije nilale kitandani kwako?"

Meno yakaruka. Shemeji akainua mkono kujikinga, mkono ukavunjika kwenye kiwiko, ukabaki unaning'inia upande usio wake. Malkia akaendelea. Nilitaka kumwambia basi, Mama, inatosha. Sikumwambia. Nilikuwa nauangalia mkono wangu, na moyoni nasema, mwongeze.

Askari wa Shemeji walikuwa pale nje kwenye lango la uani, tena wengi. Hakuna aliyeingia. Aliwaambia mwenyewe, kwa kinywa chake, wasikie lolote wasisogee mpaka awaite. Sasa alikuwa anajaribu kuwaita na kinywa chenyewe hakina meno.

Malkia akachoka. Akaegemea ukuta, akanitazama, akauona mkono wangu.

"Povu," akasema. Sauti imekwaruza. "Povu, masikini. Umesema?"

"Sijasema, Mama."

"Hata kidogo?"

Nilisita. "Sijasema," nikarudia, na kwa kuwa risasi yake ndiyo iliyonikata kauli, sikuona kama nadanganya.

Akatabasamu. Damu kwenye meno yake, alama ya mtandio shingoni nyekundu kama mkufu, na ananitabasamia mimi. Akaja akapiga magoti mbele yangu. Malkia, mbele ya dobi! Akachana pindo la gauni lake la msiba, akaanza kunifunga mkono. Alikuwa ananifunga kama mtu anayemvika mtoto, anapuliza kila anapogusa.

"Mume wangu alipokufa," akasema, "hakuna hata mmoja wao aliyenishika mkono. Waliinama tu. Wewe ulinipa shuka."

Nikalia. Sioni haya kusema. Maumivu, na hofu, na maneno yale. Nililia kwa kwikwi, na ubavu uliovunjika unanichoma kila nikivuta pumzi.

Katikati ya kulia kule ndipo nikashtuka. Kumekuwa kimya. Kule ndani hakuna pa, hakuna chochote.

Mlango wa ndani ukafunguliwa kwa kishindo.

Mke wangu alitoka kama simba jike. Nywele zimetimka, kalowa mwili mzima, na mkononi kashika nguo iliyokamuliwa na kusokotwa mpaka ikawa ngumu kama rungu. Kwa wasiojua, nguo ya pamba iliyokamuliwa vizuri inaweza kuvunja pua. Alikuwa amesikia bunduki, akadhani nimeuawa, akakamata ya kwanza iliyokuwa mkononi, akaja kupigana na jeshi.

"Yuko wapi? Aliyemuua mume wangu yuko wapi?"

Akamwona Kipara anaungua mezani. Akamwona Shemeji chini. Halafu akaniona mimi, hai, mkono wangu mapajani mwa Malkia. Rungu lile likashuka taratibu, likajisokotoa, likafunguka.

Likawa shati jeupe la kulalia, kola yake imedariziwa uzi wa dhahabu.

Nilitaka sakafu ipasuke. Kila pa niliyoisikia wakati naunguzwa, kila moja, ilikuwa lile lile nililokuwa naungua kwa ajili yake.

Kutoka sakafuni ikaja sauti. Nilidhani Shemeji anakata roho. Alikuwa anacheka.

"Limefuliwa," akasema, maneno yanatoka na mapovu ya damu. Jicho moja lilikuwa limefumbana, la pili linaona. "Shemeji yangu mpenzi. Limefuliwa, humu humu ikulu. Msiba kwisha."

Malkia hakumsikia. Alisimama, akaenda kwa mke wangu, akalichukua shati kutoka mikononi mwake kama anavyochukuliwa mtoto mchanga. Akaliweka usoni. Akavuta pumzi. Akaligeuza, akatafuta kwapani, akavuta tena. Akatafuta kwenye kola.

"Sabuni," akasema.

Akanusa mikononi mwa shati, mmoja baada ya mwingine.

"Linanuka sabuni." Akatugeukia. "Nani?"

"Mimi," nikasema haraka.

Akautazama mkono wangu, kitambaa chake cheusi kimeshalowa damu. "Usinifanye mjinga, Povu. Kwa mkono upi?"

"Mama, nisikilize..."

"Mimi ndiye niliyefua," akasema mke wangu.

Nikamwashiria anyamaze. Nani, yule? Huyo ndiye mwanamke niliyeoa.

"Huyu Shemeji wako aliniambia nipige nguo kwa nguvu wasikie mpaka nje, la sivyo mume wangu anachinjwa. Aproni za jikoni ndizo nzito, ndizo zenye kishindo. Nikapindua tenga lote kwenye maji. Nilitazama ni nini nafua? Nilikuwa nasikia mume wangu anachomwa! Nguo iko kwenye tenga la nguo chafu, mimi naifua. Ndiyo kazi mliyonipa."

"Mke wangu, basi," nikasema.

"Basi nini? Mngeniambia!" Sasa analia. "Neno moja tu mngeniambia, nyinyi wawili. Mnasimama hapa kila asubuhi mnakamua na kucheka, mimi napita na beseni kama sionekani, mahali pale pangu nilipokuwa nimesimama tangu nimeolewa. Siri mnazo nyinyi, shida napewa mimi. Halafu mnauliza nani? Jiulizeni wenyewe!"

Niliinamisha kichwa. Alikuwa amesema kweli tupu, na mbele ya mtu mwenye bunduki.

Malkia alilikunja shati, akaliweka begani. Akachukua risasi kutoka mfukoni. Akaiokota bunduki, akaifungua, akatia, akafunga. Alifanya yote hayo kwa utaratibu, kama mtu anayefunga vifungo vyake asubuhi.

Nilidhani ni ya Shemeji. Shemeji naye alidhani hivyo, akaacha kucheka.

Mtutu ukampita Shemeji. Ukampita, ukapanda, ukatulia kwenye kifua cha mke wangu.

"Mama!" Nikajirusha katikati. Sijui niliinuka vipi. "Mama, halijakauka! Sheria inasema likauke! Nitaliloweka mimi, usiku na mchana, nitakaa nalo kwenye beseni mpaka nizeeke, halitakauka, naapa. Kiti ni chako, hakuna wa kukutoa!"

"Kiti," akasema. "Unadhani nimekaa na shati hili kwa ajili ya kiti?"

Nikaunyoosha mkono wa kulia kumkinga mke wangu.

"Wao wachukue kiti. Wachukue nchi, wanichukue na mimi. Alikuwa humu, Povu. Kila nikiamka nilimkuta humu, jasho lake, tumbaku yake. Nilijua atapungua. Nilikuwa navuta kidogo kidogo ili asiishe." Machozi yakamshuka, lakini mtutu haukutikisika. "Mkeo amemtoa. Amemtoa kwa maji na sabuni, akamwaga mtaroni. Unaweza kumrudisha?"

"Siwezi, Mama."

"Basi ondoka hapo."

"Siondoki."

"Nimeua mtu leo kwa ajili yako. Ondoka."

Nyuma yangu nilisikia mke wangu anapumua. Mkono wake ulinishika mgongoni, akanivuta shati kwa nguvu, anataka kunisogeza, mjinga yule, anataka kupita mbele. Nikamkanyaga mguu asisogee.

Pipa lilikuwa linatokota pale pale, hatua moja. Kata ilikuwa sakafuni, nilipoiangusha. Nikainama bila kuondoa macho kwake, nikaiokota, nikachota. Mvuke ukapanda kati yetu, akawa anaonekana na kupotea.

Aliuona uso wa Shemeji pale chini, vile ulivyokuwa. Alijua maji yale yanafanya nini.

"Mama," nikamwambia, na kata imejaa mpaka ukingoni, matone yananiunguza miguu. "Nakuomba. Ukivuta, nakumwagia."

Alinitazama kama ndiyo kwanza amenifahamu. Akaliegemeza shavu lake juu ya shati lililolowa, pale begani, akavuta pumzi mara moja zaidi. Hakupata kitu.

"Mwaga," akasema.

Na kidole chake kikaanza kukivuta kifyatulio.